Mtambo wa Kumbukumbu za Wagonjwa: Nani Aulizwe Kama Unafaa?

(Mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya semina ya watumishi wa afya na walimu wa vyuo vya uuguzi)



Kila aliyepata kwenda hospitali ya wilaya siku ya Jumatatu asubuhi anaijua foleni ya dirisha la mapokezi. Mama amembeba mgongoni mtoto mwenye homa, na mkononi ameshika daftari lililochakaa pembe zote nne. Ndani ya daftari hilo mna habari zote za ugonjwa wa mtoto: dawa alizopewa mwezi uliopita, uzito wake, majibu ya maabara. Daftari likilowa mvua, au likisahauliwa nyumbani, mganga huanza upya kama kwamba mtoto huyo hajapata kuonekana hospitalini hata siku moja. Kwa sababu hiyo ni vigumu kwa mtu mwenye kufikiri kupinga kwamba kumbukumbu za wagonjwa zihifadhiwe kwa kompyuta. Shabaha hiyo ni njema, na mazungumzo haya hayakusudii kuirudisha nyuma.

Liko, hata hivyo, jambo moja ambalo katika sherehe za kupokea mitambo hiyo halipewi nafasi ya kutosha. Mtambo unapofika, maswali yanayoulizwa ni yale yale: umegharimu kiasi gani, kompyuta ni ngapi, mafundi watamaliza lini. Mafundi huwasha, skrini huwaka, karatasi hutoka kwenye mashine ya kuchapia, wageni hupiga makofi na hati ya kupokelea hutiwa sahihi. Lakini muuguzi atakayeketi mbele ya skrini hiyo tangu saa moja na nusu asubuhi, huku foleni ikimkodolea macho, haulizwi kitu. Kazi yake itakwenda au itakwama? Ataweza kumtazama mgonjwa usoni, au macho yake yote yatakuwa kwenye kioo?

Wataalamu wanayo elimu nzima inayoshughulikia maswali ya namna hiyo, na kwa Kiswahili jambo lenyewe laweza kuitwa utumikaji. Si neno tamu sana masikioni, lakini linasema linalotakiwa: kwamba haitoshi kitu kufanya kazi, bali mtu aweze kukitumia. Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa maelezo ya utumikaji mwaka 1998, katika kiwango namba 9241 sehemu ya 11, na likayapitia upya mwaka 2018. Kwa mujibu wa maelezo hayo, yako mambo matatu ya kupima: kama mtumiaji analifikia lengo lake kwa usahihi na ukamilifu, kama halipii lengo hilo kwa muda na nguvu kupita kiasi, na kama anaridhika. Mambo hayo matatu ndiyo yanayonukuliwa kila mahali. Sehemu yenye uzito zaidi, nayo ndiyo inayorukwa, ni ile inayodai kwamba kwanza watajwe watumiaji gani, wenye lengo gani, na katika mazingira gani.

Maana yake ni kwamba hakuna mfumo unaotumika vizuri hivi hivi tu. Muuzaji anapotamba kuwa mfumo wake ni rahisi, hana budi kuulizwa: rahisi kwa nani? Kwa daktari bingwa mwenye chumba chake, msaidizi wake na wagonjwa kumi kwa siku? Au kwa mganga wa zahanati ambaye ndiye daktari, ndiye mfamasia na, muuguzi akiwa likizo, ndiye karani pia? Mfumo mmoja waweza kuwa baraka kwa wa kwanza na adhabu kwa wa pili, bila hata herufi moja ya programu kubadilishwa.

Nchi iliyojifunza somo hili kwa gharama kubwa kuliko zote ni Marekani. Mwaka 2009 Bunge la nchi hiyo lilipitisha sheria iliyotenga mabilioni ya dola kwa ajili ya kuzilipa hospitali na madaktari wanaoanza kutumia kumbukumbu za kompyuta. Fedha zilifanya kazi yake. Katika miaka michache karibu hospitali zote zilikuwa na mifumo hiyo. Kisha yakaanza kutokea ambayo hayakuwa katika hesabu. Utafiti uliofanywa katika chumba cha dharura cha hospitali moja na kutangazwa mwaka 2013 ulihesabu mibofyo ya kipanya ya daktari: ilikaribia 4,000 katika zamu moja ya saa 10 yenye shughuli nyingi. Muda wa kuingiza habari kwenye kompyuta ulikuwa asilimia 44 ya zamu, na muda wa kuwa na mgonjwa asilimia 28. Mwaka 2016 ukatokea utafiti mwingine, uliowafuata madaktari 57 kwa saa 430 wakiwa kazini. Muda waliokuwa uso kwa uso na wagonjwa ulikuwa asilimia 27. Kompyuta na kazi za mezani zilikula asilimia 49.2. Jioni nao, wakiisha kula chakula nyumbani, waliendelea na kompyuta saa moja au mbili zaidi.

Yupo atakayesema kwamba hayo ni manung'uniko ya watu wenye mishahara minono. Ingekuwa hivyo kama aumiaye angekuwa daktari peke yake.

Katika hospitali ya watoto ya Pittsburgh, mwezi Oktoba mwaka 2002, ulianzishwa mfumo wa kuagiza dawa na vipimo kwa kompyuta. Ulianzishwa hospitali nzima kwa muda wa siku sita. Madaktari wa hospitali hiyo hiyo walipokagua rekodi za watoto waliohamishiwa hapo kutoka hospitali nyingine wakiwa na hali mbaya, waliona jambo la kutisha, na mwaka 2005 wakalitangaza bila kuficha. Kabla ya mfumo, kati ya watoto 1,394 walifariki 39, yaani asilimia 2.80. Katika miezi mitano baada ya mfumo, kati ya watoto 548 walifariki 36, yaani asilimia 6.57.

Kompyuta hazikuharibika, wala programu haikukosea hesabu. Kilichotokea ni kwamba mpangilio wa kazi ulivunjwa na mtu hakuona. Zamani, gari la wagonjwa likiwa bado njiani, daktari alikuwa ameshaandika maagizo na muuguzi ameshaandaa dawa. Mtoto alipoingia mlangoni kila kitu kilikuwa tayari. Mfumo mpya haukukubali agizo lolote mpaka mtoto awe amefika na kuandikishwa kikamilifu. Agizo ambalo kwa kalamu lilichukua sekunde chache sasa lilidai mibofyo mingi na dakika moja au mbili. Dawa zilizokuwa zikikaa karibu na kitanda zilihamishiwa katika stoo kuu ya dawa. Daktari mmoja alilazimika kukaa kwenye kompyuta muda wote, kwa hiyo kando ya kitanda ilipungua jozi moja ya mikono katika dakika zile ambazo mikono ndiyo huokoa.

Haki itendeke: habari ya Pittsburgh haikuishia hapo. Hospitali ya watoto ya Seattle ilifunga mfumo wa aina hiyo hiyo, lakini kwanza watu wake walijifunza yaliyowapata wenzao, wakatayarisha mapema maagizo ya pamoja kwa magonjwa ya kawaida. Matokeo yao ya mwaka 2006 hayakuonyesha vifo kuongezeka. Mwaka 2010 hospitali moja ya watoto huko California, iliyo chini ya Chuo Kikuu cha Stanford, ilitangaza kwamba baada ya kuanza kuagiza dawa kwa kompyuta wastani wa vifo kwa mwezi ulipungua kwa asilimia 20. Hesabu za namna hii, za kulinganisha kabla na baada, daima zina mashaka yake, kwani mambo mengine nayo hubadilika katika muda huo huo. Hata hivyo hospitali tatu zenye shabaha moja, zikitofautiana kiasi hicho, zatosha kumzuia mtu asiseme kwamba kompyuta inaua, au kwamba kompyuta inaponya. Inategemea ilivyoingizwa katika kazi za watu.

Jambo hilo lilithibitishwa kwa njia nyingine mwaka 2018. Watafiti walichukua mifumo miwili mikubwa ya Marekani, kila mmoja katika hospitali mbili, wakawapa madaktari wa dharura kazi zile zile za kufanya. Baadhi ya kazi zilitofautiana mara tisa kwa muda na mara nane kwa idadi ya mibofyo kutoka hospitali moja hadi nyingine, na hata hospitali zilizonunua mfumo mmoja hazikufanana. Yaani anayesafiri kwenda kuukagua mfumo katika hospitali ya wenzake na kurudi akisema ameuona ukifanya kazi, ameuona mfumo wa wenzake. Wa kwake hajauona bado.

Utapimwaje basi? Njia ni nyingi, lakini iliyo bora kuliko zote ni ya bei nafuu sana, na labda ndiyo sababu haiheshimiwi. Mchukue muuguzi wa kweli, si mkufunzi wa kampuni. Mpe kazi ya kweli, kwa mfano kumwandikisha mjamzito aliyekuja kwa mara ya pili akiwa amepoteza kadi. Kisha kaa nyuma yake unyamaze. Usimwonyeshe kidude cha kubonyeza. Andika mahali aliposita, alipokosea, aliporudi nyuma, alipomgeukia jirani kuuliza. Jakob Nielsen, mtaalamu wa fani hii, alionyesha katika miaka ya 1990 kwamba watu watano wakitazamwa hivyo, kwa wastani hufichua kiasi cha asilimia 85 ya matatizo ya mfumo. Hesabu hiyo ina sharti lake: watano hao wawe wa kazi moja. Hospitali ina makarani, wauguzi, waganga, watu wa maabara na wa dirisha la dawa, na kila kundi lina skrini zake na taabu zake. Kwa hiyo ni watano kwa kila kundi. Hata hivyo hiyo ni kazi ya juma moja, na gharama yake ni kalamu, karatasi na saa ya mkononi.

Vitabu vya kigeni hushauri kwamba anayetazamwa aseme kwa sauti yote anayoyafikiri wakati anatumia mashine. Ushauri huo ni mzuri, ila mtu aliyelelewa kwetu haoni urahisi kujisemesha peke yake mbele ya mgeni kutoka wizarani. Atanyamaza, au atasema maneno ya heshima. Iko njia ya kuwaketisha wawili wawili mbele ya kompyuta moja na kuwaacha washauriane. Hapo ulimi hulegea. "Bonyeza hapo." "Hapo nimeshabonyeza, imekataa." "Basi toka uanze tena, ndivyo inavyotaka." Mazungumzo mafupi kama hayo yana habari nyingi kuliko kurasa ishirini za ripoti.

Heshima hiyo ndiyo inayoharibu pia njia ya pili, yaani ya kuuliza maswali. Mkuu akiingia wodini na kuuliza, "Vipi mfumo wetu?", atajibiwa kwamba ni mzuri tu. Jibu hilo si uongo hasa, ni adabu. Kwa ajili hiyo ni afadhali kutumia hojaji isiyo na jina la mjibuji. Inayojulikana zaidi duniani ilitungwa mwaka 1986 na Mwingereza John Brooke alipokuwa akifanya kazi katika kampuni ya kompyuta. Ina sentensi 10 tu, tano za kusifu na tano za kulaumu zikipishana, na mtu hujibu kila sentensi kwa namba kuanzia 1, yaani hakubali kabisa, hadi 5, yaani anakubali kabisa. Kwa sentensi za kusifu huondolewa 1 katika namba aliyoitia. Kwa zile za kulaumu, namba yake huondolewa katika 5. Jumla ya yote huzidishwa kwa 2.5, na alama huwa kati ya 0 na 100. Walimu wajihadhari hapo: si asilimia ya mtihani. Wastani wa mifumo mingi iliyopimwa kwa njia hiyo ni alama 68. Mashine ya benki ya kutolea fedha ilipata kiasi cha 82. Madaktari 870 wa Marekani waliojibu kuhusu kumbukumbu zao za kompyuta, katika utafiti uliotangazwa mwaka 2019, waliipa mifumo yao alama 45.9. Na kadiri daktari alivyoupa mfumo wake alama za chini, ndivyo alivyoelekea zaidi kuwa miongoni mwa waliochoshwa na kazi hata kuichukia.

Hojaji hiyo haina budi kutafsiriwa na mtu anayejua Kiswahili cha wodini. Yamo katika Kiingereza chake maneno ambayo hata wasomi wa nchi nyingine hawayaelewi, na kule kupishana kwa kusifu na kulaumu huwachanganya watu: mtu aliyeudhika huweza kutia namba ndogo tangu mwanzo hadi mwisho kwa hasira, na bila kujua akawa amelaumu mara tano na kusifu mara tano. Anayekusanya karatasi hizo azipitie kwa jicho la mwalimu anayesahihisha.

Njia ya tatu ni kupima muda, na hapa iko hadithi ya jirani ambayo inastahili kufikiriwa kwa makini.

Mwezi Februari mwaka 2001, katika Kituo cha Afya cha Mosoriot, magharibi mwa Kenya, Chuo Kikuu cha Moi kikishirikiana na Chuo Kikuu cha Indiana cha Marekani vilianzisha mmoja wa mifumo ya mwanzo kabisa ya kumbukumbu za wagonjwa kwa kompyuta katika vituo vya afya vya vijijini barani Afrika. Ulikuwa mfumo wa unyenyekevu: kompyuta mbili zilizounganishwa, zikiwa na betri za nguvu ya jua kwa siku za kukatika umeme. Waganga hawakuguswa na kompyuta hata kidogo. Mgonjwa aliandikishwa na karani mapokezi, akapewa fomu ya karatasi, mganga akaijaza kwa kalamu kama alivyozoea, na mgonjwa alipotoka karani wa pili akayaingiza yaliyoandikwa. Aliyeubuni alikuwa ameuliza swali la mazingira gani, naye akalijibu kabla ya kununua kitu. Kutokana na kazi iliyoanzia hapo ndipo ulipozaliwa mwaka 2004 mfumo wa OpenMRS, ambao hutolewa bure na unatumika leo katika nchi nyingi.

Waanzilishi wa Mosoriot walikuwa na busara ya kupima kabla na baada. Walimfuata mgonjwa na saa mkononi. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2003 yalionyesha kwamba muda wa mgonjwa kituoni ulipungua kwa asilimia 22, na muda wa kusubiri kwa asilimia 38. Mpaka hapo kila mtu atapiga makofi. Lakini muda wa mgonjwa kuwa na mtoa huduma nao ulipungua, tena kwa asilimia 58. Watumishi walitumia nusu tu ya muda waliokuwa wakiutumia zamani kuwahudumia wagonjwa, walizungumza wao kwa wao kwa theluthi moja ya muda wa zamani, na muda wa shughuli zao binafsi uliongezeka.

Je, hayo ni mafanikio au ni hasara? Kwa mtu wa hesabu, mganga amepata nafasi, ufanisi umeongezeka. Kwa mama mwenye mtoto, dakika zilizopungua ni zile alizokuja kuzitafuta. Huenda zilizopungua ni dakika za kupekua madaftari na kuandika jina lile lile mara tatu; huenda pia ni dakika za kuuliza mtoto amekula nini tangu jana. Saa ya mkononi haiwezi kutofautisha. Ndiyo maana anayepima utumikaji kwa muda peke yake anaweza kuusifu mfumo kwa kosa lake. Kazi ya kuamua ni dakika zipi za kupunguza si ya fundi wa kompyuta, wala si ya mfadhili. Ni ya waganga na wauguzi wenyewe, pamoja na wananchi wanaotibiwa hapo, nayo ifanywe kabla ya saa kuanza kuhesabu.

Malawi walichukua njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, katika hospitali kuu ya Lilongwe, kikundi kilichokuja kujulikana kwa jina la Baobab Health kilianza kutengeneza mfumo wa kutumiwa na wauguzi wenyewe mbele ya mgonjwa. Wengi wa wauguzi hao hawakuwa wamepata kushika kipanya. Badala ya kuwapeleka kozi ya kompyuta kwa miezi, waliondoa kipanya na kibodi. Skrini iliguswa kwa kidole, ikiuliza swali moja tu kwa wakati mmoja, kwa herufi kubwa, na jibu lisilowezekana halikupokelewa. Umeme ulitengenezewa akiba ya betri za volti 48. Baadaye mfumo huo ndio uliotumika katika kliniki za dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mtaalamu aliyezoea kompyuta huuona mfumo wa swali moja moja kuwa wa kuchosha, naye ana haki. Lakini haukutengenezwa kwa ajili yake.

Hapa nchini mambo ya kupimwa hayahitaji kutafutwa mbali. Yako madaftari ya MTUHA, ambayo kila mtumishi wa afya anayajua kama anavyoijua sala yake. Mfumo wa kompyuta unapoingia na madaftari yasiondoke, mgonjwa mmoja huandikwa katika daftari lake, katika rejesta, na katika kompyuta. Kazi iliyoahidiwa kupungua imeongezeka, na muuguzi mwenye akili hufanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: huandika kwenye karatasi mchana na kuiachia kompyuta saa za jioni, kutoka kichwani. Ikiwa hali ni hiyo, takwimu zinazopanda makao makuu ni za kumbukumbu ya mtu aliyechoka.

Liko suala la tarehe ya kuzaliwa. Skrini inadai siku, mwezi na mwaka, na haifungui ukurasa unaofuata mpaka ijibiwe. Bibi aliyekuja na mjukuu anajua kwamba alizaliwa mwaka wa njaa kubwa. Karani ana foleni ya watu sitini; anaandika tarehe mosi Januari na mwaka wowote unaokaribia. Mfumo umeridhika, na kwa ukali wake wenyewe umemfundisha karani kudanganya. Vivyo hivyo kwa majina: mtu hutaja jina la baba safari hii na jina la ukoo safari ijayo, na mgonjwa mmoja huwa watatu ndani ya kompyuta, kila mmoja na nusu ya historia.

Maonyo nayo ni mzigo. Mifumo mingi hupiga kelele kila dawa mbili zinapogongana hata kidogo. Uchambuzi wa tafiti uliofanywa mwaka 2006 uligundua kwamba madaktari huyapuuza maonyo ya usalama kati ya asilimia 49 na 96 ya mara yanapotokea. Mbwa anayebweka usiku kucha haamshi mtu mwizi anapokuja.

Na liko suala la nywila. Pale ambapo kuingia kwenye mfumo huchukua dakika mbili, na kompyuta ni moja kwa watumishi sita, mmoja huingia asubuhi kwa nywila yake na wote hutumia jina lake mpaka jioni. Wakaguzi huliita kosa la nidhamu. Kabla ya barua za onyo kuandikwa, yafaa mkaguzi mwenyewe ajaribu kuingia na kutoka mara arobaini katika asubuhi moja. Suala hili si dogo tena, kwa kuwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaweka wajibu juu ya yeyote anayeshika habari za watu, na habari za ugonjwa ni miongoni mwa zile nyeti kuliko zote. Mfumo usiotumika vizuri huwafanya watu wema wavunje sheria kila siku bila kukusudia ubaya.

Yanayoweza kufanywa yako ndani ya uwezo wa hospitali yoyote. Mkataba wa kununua au kufungiwa mfumo uwe na kifungu kisemacho kwamba hati ya kupokelea haitatiwa sahihi mpaka watumiaji wa kila kundi wawe wametazamwa wakifanya kazi zilizotajwa kwa majina, na makosa yaliyoonekana yawe yamerekebishwa. Sahihi ya muuguzi mkuu wa wodi iwe kando ya sahihi ya mhasibu. Muda upimwe kabla mtambo haujafika, kwa sababu baada ya hapo hakutakuwa na cha kulinganisha nacho. Upimwe tena baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya miezi sita, wakufunzi wakiwa wamekwisha ondoka na nusu ya waliofundishwa wamehamishwa. Walimu wa vyuo vya uuguzi nao wanaweza kuwapa wanafunzi kazi hiyo ya kutazama na kuandika. Ni mazoezi bora kuliko kukariri vifungu.

Jaribio moja lifanywe siku mbaya kwa makusudi: Jumatatu, mwezi wa malaria, mtumishi mmoja akiwa mgonjwa, na umeme ukatwe saa nne kamili bila kuwaarifu. Mwenye kupima asimame karibu na dirisha la mapokezi na karatasi yake, ahesabu ni wagonjwa wangapi wamerudishwa nyumbani, ni wangapi wameandikwa kwenye vipande vya karatasi, na vipande hivyo jioni vimekwenda wapi.